Usiku wa Kwanza Hauhesabiwi

Profesa wa usingizi, yule ambaye redio humwalika kila mara watu wanapolalamika kwamba hawalali, nyumbani kwao anaitwa Gogo. Alipewa jina hilo utotoni, kwa sababu akishaweka kichwa kwenye mto alikuwa amekwenda, na kumrudisha duniani asubuhi ilikuwa kazi ya mtu mzima. Watu wazima wa nyumba ile hawakuwa na muda huo, kwa hiyo kazi ikamwangukia mdogo wake wa kike. Ndiye aliyemvuta miguu, akamnyunyizia maji, akamfinya masikio mpaka afumbue jicho moja na kumtukana. Kuna mwaka upepo uling'oa bati la chumba chao, mvua ikawashukia kitandani. Mdogo mtu alipiga kelele mpaka majirani wakaja, Gogo akahamishwa pamoja na godoro lake, na kulipokucha akaamka akiuliza ni nani aliyemwagia maji shuka lake.

Mtu huyo, ambaye hakuwa amewahi kugeuka kitandani akitafuta usingizi, ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa watu wasiolala. Mdogo wake alilifikiria jambo hilo mara nyingi akiwa kwenye cherehani, na kila mara alicheka peke yake mpaka wateja wakamtazama. Yeye alikuwa fundi wa nguo, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Fundi. Hata binti yake, aliyekuwa chuoni mji wa mbali, akipiga simu huanza na "Shikamoo Fundi" kabla hajaomba anachoomba. Fundi alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, meza ya kukatia, cherehani mbili na mdomo usiomwonea mtu haya. Mume alikuwa ameshaondoka zamani, na alipoulizwa kuhusu huyo alisema alimpa likizo isiyo na mwisho.

Gogo alisomea udaktari, lakini wagonjwa walimchosha mapema. Wanaongea mno, alisema. Kila mtu anaanza na habari za shangazi yake kabla hajafika kwenye tumbo linalouma. Akakimbilia utafiti, ambako mtu analala na wewe unasoma mashine. Akapata ufadhili wa kusoma ng'ambo, na alirudi na koti refu, kikohozi kidogo cha kutangulia kila neno zito, na habari kwamba usingizi una ngazi. Mama yao aliisikiliza habari hiyo ya ngazi kwa heshima zote, kisha akauliza kama huko ng'ambo walikuwa wakimpa chakula cha kutosha.

Maabara yake ilikuwa mwisho wa ujia katika jengo la wagonjwa wa akili, vyumba viwili vilivyokuwa stoo ya mashuka. Ukipita mlango wa kliniki, ukapita benchi la watu wanaosubiri, ukapita bomba linalovuja, ndipo unaona kibao chake. Ndani kulikuwa na vitanda viwili, na ukutani dirisha dogo la kioo la kumchungulia anayelala. Mashine ilipokea nyaya zilizobandikwa kichwani kwa gundi nyeupe kama uji uliopoa, na kuiondoa gundi hiyo kwenye nywele ilikuwa adhabu. Mapazia meusi mazito alishona Fundi, akayapima mwenyewe, akayatundika mwenyewe akiwa juu ya kiti huku kaka yake akimwelekeza kutoka chini. Gogo alipotoa kitabu chake cha kwanza, kwenye ukurasa wa shukrani aliwashukuru walimu wake, wafadhili, chuo, na mkewe "kwa uvumilivu". Mwisho kabisa akamshukuru "fundi wa mapazia". Fundi alikisoma, akakifunga, akakitia chini ya mguu wa meza ya kukatia uliokuwa mfupi kuliko wenzake. Kilitosha sawasawa, na mpaka leo kipo hapo.

Kilichompa Gogo sifa ni jambo moja. Mtu ukimlaza mahali pageni, na nyaya kichwani, usiku wa kwanza halali anavyolala kwake. Anageuka huku na huku, anasikiliza milango, anajiuliza kama amekoroma. Kwa hiyo huwezi kumpima usiku huo. Unamlaza, unayatupa matokeo, kisha unapima usiku wa pili. Kusema kweli watu wa kazi hiyo walilijua jambo hili kabla Gogo hajaota ndevu, na yeyote aliyewahi kulala ugenini angekwambia bure. Lakini Gogo alilithibitisha upya, akaliandikia makala, akasafiri nalo, akalirudia kwa maneno mengine, akasafiri nalo tena. "Usiku wa kwanza hauhesabiwi," alisema kwenye kila mkutano, akikohoa kwanza, na watu wakaandika.

Tatizo la mtu aliyepata wazo moja maishani ni kwamba hulitumia kila mahali. Ya kwanza ikawa haihesabiwi hata pasipo na kitanda. Wanafunzi wakimletea rasimu ya kwanza aliitupa kwenye pipa bila kuifungua, akasema lete ya pili. Mmoja mjanja akaandika "rasimu ya pili" juu ya ile ya kwanza, akasifiwa mbele ya wenzake kwa jinsi alivyojirekebisha. Nyumbani mkewe, ambaye Fundi alimwita wifi na kumpenda kuliko alivyompenda kaka yake, alijifunza kulalamika mara mbili.

"Bomba la jikoni limeharibika," alisema siku moja mbele ya Fundi, akitazama ukuta. Kisha akageuka. "Hiyo ilikuwa ya kwanza, wifi yangu, nimeutupia ukuta. Kesho ndiyo nitamwambia yeye, tena nitaanza na neno 'tena'."

Baadaye Gogo akahamia kwenye ndoto. Aliandika kitabu kinene juu ya ndoto za watu wenye sonona, ile huzuni ya ugonjwa inayomkalia mtu bila kualikwa na isiyoondoka hata akifukuzwa. Ungedhani basi alikaa na watu hao akawasikiliza wanaota nini. Wapi! Alihesabu jinsi macho yanavyochezacheza chini ya kope, akachora michoro. Mgonjwa akiamka na kutaka kusimulia, alimkatiza. Yaliyomo kwenye ndoto si kitu, alisema, ni ubongo unafagia taka zake. Fundi aliposikia hayo alimwambia, "Mimi nikifagia chumba changu huwa naangalia, kaka, maana mara nyingi nakuta sindano." Gogo akacheka kicheko chake cha hadharani na kubadilisha mazungumzo.

Kisha hiyo sonona ikaja kwa Fundi mwenyewe.

Ingekuwa na sababu, angejua pa kuitukania. Lakini kazi zilikuwepo, wateja walikuwepo, binti alikuwa anafaulu, magoti tu ndiyo yalikuwa yameanza kulia kama bawaba. Ilimwingia taratibu, kama unyevu unavyopanda ukutani, na alipoiona ilikuwa imeshafika juu. Aliamka kabla ya jua, kifua kizito, akalala akiwa macho mpaka majogoo wakachoka. Chakula kikawa kama karatasi. Utani wake aliendelea kuutoa kwa sababu wateja waliuzoea, lakini aliutoa kama mtu anayerudisha chenji, bila kuutazama. Na usingizi mfupi alioupata ulikuwa na ndoto ileile. Alikuwa akishona gauni, mteja anasubiri mlangoni, anashona kwa haraka. Alipolimaliza akakuta ni la kimo chake mwenyewe, limepigwa pasi, limependeza, na halina tundu la kichwa.

Alimwambia mama yake kwamba halali. Hakusema zaidi. Mama alikuwa mzee, na kuna mambo mtu hamtwishi mzee.

"Una kaka daktari wa usingizi mzima mzima," mama akasema, "unahangaika nini? Watu wanatoka mbali kumwona. Nenda kwa kaka yako."

Basi akaenda. Na ieleweke alikwenda kwa nini. Hakuwa na haja ya ngazi wala michoro. Kulikuwa na neno moja lililomkaa kooni kwa miezi, neno la kutisha, hata yeye alipolisogelea alirudi nyuma, na alitaka kumwambia mtu mmoja ambaye hatapiga yowe. Kaka yake hakuwa mtu wa kupiga yowe. Kwa mara ya kwanza maishani ule ubaridi wake aliuona kuwa una faida.

Gogo alimpokea vizuri, akampa kitanda cha dirishani, akamwambia atalala hapo siku mbili. Nesi wa maabara, mwanamke mpole mwenye vidole vyepesi, akambandika nyaya. Fundi alilala chali chini ya mapazia yake mwenyewe. Akaona kwamba pindo la kushoto alilishona kwa haraka, na hilo tu ndilo aliloliwaza kwa muda mrefu. Kisha akaanza kulipanga lile neno. Alilipanga kama anavyopanga vipande mezani kabla ya kuunganisha, kipi kianze, kipi kifuate, na kulipokucha lilikuwa tayari mdomoni. Alijua kwamba akilitoa litatoka.

Gogo akaingia na alama ya mto shavuni, maana yeye alikuwa amelala ofisini kwake, fofofo.

"Kaka," Fundi alisema, "kabla hamjanitoa hizi nyaya nataka nikwambie kitu."

"Umeamkaje?"

"Niache niseme. Kuna ndoto inanirudia, nashona gauni. Lakini si hiyo, ndoto ni njia tu. Nikiamka, kaka, kila siku, mimi huwa—"

"Aa-aa-aa." Gogo aliinua kidole, akatabasamu kama mwalimu aliyeshika jibu. "Usinimwagie sasa. Usiku wa kwanza hauhesabiwi."

"Najua hauhesabiwi. Sisemi habari za mashine, nasema habari zangu."

"Ndizo hizohizo. Ukisimulia leo utaniharibia kipimo. Kesho utakuwa unarudia maneno badala ya kuangalia hali yako. Yaweke, kesho utaniambia yote, nitakaa hapa nikusikilize."

"Leo ndiyo naweza, kaka."

"Kesho," akasema Gogo, akampigapiga begani kama mtu anayejaribu godoro dukani, akaondoka kutafuta chai.

Nesi alisimama na kitambaa chenye maji mkononi. Alimtazama Fundi, akatazama mlango, akaanza kumfuta gundi kwenye nywele polepole. Alikuwa mwajiriwa, na mwenye maabara alikuwa ameshasema.

Mtu ambaye hajabeba neno la namna hiyo hudhani kwamba linangoja, kama nguo kwenye msumari. Halingoji. Ule mlango hufunguka mara moja, na ukisukumwa kutoka nje hujifunga kwa ndani. Fundi alishinda siku ile akitembea kwenye uwanja wa hospitali, akajisemea kwamba kesho si mbali. Usiku wa pili alikuwa amechoka mno, akaanguka kama jiwe. Hakuota chochote.

Asubuhi Gogo aliingia na karatasi ndefu ya mashine, uso unang'aa.

"Mdogo wangu, umelala! Ngazi zote umezishuka, ukapanda, ukashuka tena. Usingizi kama huu naweza kuwaonyesha wanafunzi. Yaani umelala kuliko hata mimi."

"Kuliko wewe haiwezekani."

"Haya, niambie lile la jana. Nimekaa, nasikiliza." Na kweli alikaa, saa yake ya mkononi ikitazama juu.

Fundi alilitafuta lile neno. Alishuka mpaka lilipokuwa jana, akakuta ni patupu, limerudi chini kabisa na kujifunika. Akamtazama kaka yake, akatazama karatasi. Ikamjia kwamba huenda mashine inamjua kuliko anavyojijua, na kwamba huenda yeye ni mwanamke mzima anayejidekeza. Hilo ndilo lililokuwa ovu kuliko yote aliyofanyiwa pale, maana aliliamini.

"Sijambo, kaka," akasema.

"Umeona?"

Akamshauri asinywe chai jioni, asilale na simu karibu, azime taa mapema. Fundi hakuwa mnywaji wa chai, na simu yake ilikuwa ile ya kupiga na kupokea tu. Akaagana na nesi, akarudi kwenye cherehani.

Miezi michache baadaye Gogo akapandishwa kuwa profesa, na kukawa na hotuba ya kupokelewa uprofesa katika ukumbi mkubwa wa chuo, viti vyekundu, maua ya plastiki na maji ya chupa. Fundi alimshonea mama gauni, akamshonea wifi, akajishonea na la kwake, wakakaa mstari wa mbele. Gogo alipanda jukwaani amevaa joho lililompwaya mabegani. Fundi akaona mara moja kwamba aliyelishona alikata mabega ya mtu mwingine, akasikia mikono yake ikitaka kulirekebisha. Alimwonea fahari. Wajinga wa kwao ni wa kwao.

Gogo akakohoa, akaanza. Alisema habari za ngazi, akasema habari za macho chini ya kope. Kisha, ili kuwaamsha watu waliokuwa wameanza kusinzia mbele ya mtaalamu wa usingizi, akaleta mfano.

"Kuna mama mmoja," alisema, "fundi wa nguo, mtu wangu wa karibu sana. Alikuja kwangu akiapa kwamba halali. Anaota ndoto, anateseka, anataka kunisimulia maisha yake yote asubuhi moja. Nikamwambia, mama, subiri usiku wa pili. Tukampima." Akakohoa. "Mabibi na mabwana, yule mama anakoroma!"

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Wakuu wa vitivo walijifuta machozi. Mama yao alicheka pia, kwa kuwa watu walicheka na mwanawe ndiye aliyesema, kisha akamgeukia Fundi na kicheko kikamfia mdomoni. Wifi hakucheka. Aliukamata mkono wa Fundi na kuuminya mpaka pete ikamuumiza. Fundi mwenyewe alicheka, tena kwa sauti. Walipotoka kwenda kunywa soda, mtu mmoja mwenye tai alimjia akauliza kama ndiye mama wa kukoroma, na Fundi akajibu, "Ndiye mimi, kaa mbali usije ukapeperushwa." Mtu wa tai alicheka sana. Alikuwa amekutana na mtu mcheshi, akaenda kuwaambia wenzake.

Tangu siku hiyo Fundi hakumwambia mtu tena kwamba halali. Angemwambia nani? Angesema nini, wakati chuo kizima kilikuwa kimeshathibitisha?

Mwalimu wa kwaya wa shule ya jirani alimletea kazi, magauni ya watoto ya rangi ya samawati yenye kola nyeupe. Fundi alipima, akakata, akashona. Mikono ilikwenda yenyewe, na siku zilikuwa zimeanza kufanana kiasi kwamba hakuweza kusema ni lini alianza kazi hiyo na lini aliimaliza. Mwalimu akaja na watoto wachache kujaribisha. Wifi alikuwepo, amekaa pembeni akisubiri kupunguziwa sketi.

Mtoto wa kwanza aliinua mikono, akavishwa, gauni likashuka likasimama. Mikono ilitokeza, kichwa hakikutokeza.

"Mwalimu," sauti ikasema kutoka ndani, "sioni pa kutokea."

Mwalimu akacheka, akamvua, akachukua la pili. La pili lilikuwa vilevile. Akachukua la tatu, akaligeuza nje ndani. Kola ilikuwepo, imekaa vizuri, mshono wa mara mbili, pasi kali. Ila katikati ya kola kitambaa kilikuwa kimefungwa, hakijakatwa. Yote yalikuwa hivyo. Watoto walianza kuchekeana, wakavishana magauni vichwani wakajifanya majini, na mwalimu akasema, "Fundi nawe kwa utani! Haya, yako wapi yale ya kweli?"

Fundi alikuwa ameshika gauni mojawapo kwa mikono miwili na alikuwa analijua. Alilijua kwa pindo zake. Alipeleka mkono shingoni mwake taratibu, kama anayehakikisha kwamba kichwa kipo.

Wifi akasimama. Hakuuliza kitu mbele ya watu. Alimwomba mwalimu arudi wiki ijayo, akazima pasi, akafunga dirisha, akamshika Fundi mkono. "Twende."

"Kwa kaka?"

"Kaka yako atatwambia turudi kesho."

Walikwenda jengo lilelile, ujia uleule, ila waliishia kwenye mlango wa kwanza, wakakaa kwenye benchi pamoja na wengine. Bomba lilikuwa bado linavuja. Kutoka pale benchini Fundi aliona kibao cha kaka yake, na mlango wake umefungwa. Daktari aliyewapokea alikuwa dada mdogo kwa umri, amechoka, viatu amevua chini ya meza akidhani hakuna anayeona. Hakuwa na mashine. Aliuliza habari za chakula, za kazi, za nyumbani, akaandika, kisha akaiweka kalamu chini.

"Asubuhi ukifumbua macho, mama, cha kwanza kinachokujia ni nini?"

Wifi akainuka ili atoke nje, lakini Fundi akamvuta sketi akae.

"Kwamba heri nisingeamka," akasema.

Likatoka hivyo tu. Hakuna aliyepiga yowe. Daktari hakuinua kidole, hakusema arudi kesho, aliuliza tu, "Imekuwa hivyo kwa muda gani?" na Fundi akamjibu, akamjibu na lililofuata, akaeleza gauni, akaeleza mapazia. Wifi alilia kimya akitazama dirishani, ila Fundi hakulia. Alikuwa amepandwa na hasira, hasira nzuri yenye joto, ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi. Yaani swali lenyewe lilikuwa hilo tu? Maneno machache kiasi kile, na mlango wa mtu aliyesoma mpaka ng'ambo uko hatua chache kutoka hapo?

Wakamlaza wodini.

Gogo alipata habari kwa mama, tena mama alimpigia mara ya kwanza akiwa kikaoni akasema atapiga baadaye, ikabidi apigiwe ya pili. Mama hakumfokea. Alimweleza yote, akamweleza na lile neno, kisha akasema, "Alikuja kwako, mwanangu. Mimi ndiye niliyemtuma," akakata simu.

Kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa, akaja. Alikuwa na mfuko wa machungwa na shati alilolivaa jana. Alipofika kitandani alifanya kile anachojua kufanya, akachukua faili lililoning'inia miguuni pa kitanda na kuanza kulisoma.

"Mwenye faili yuko macho," wifi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Usimsome. Muulize."

Gogo akalirudisha faili. Alitafuta pa kukaa, akakaa ukingoni mwa kitanda na mfuko mapajani. Fundi alimtazama kwa makini, na akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu wakiwa watoto wa chumba kimoja. Macho ya kaka yake yalikuwa mekundu, yamevimba chini. Uso ulikuwa umeporomoka. Shavuni hakukuwa na alama ya mto.

Kikohozi kikaja, ila safari hii hakikuwa cha hotuba.

"Mdogo wangu," akasema. "Ile asubuhi, maabara. Ulitaka kunisimulia. Nisimulie sasa, nakusikiliza. Nisimulie yote."

Sasa maneno Fundi alikuwa nayo, yalikuwa mdomoni na hayakuwa mazito tena. Alimpenda mjinga huyu. Angetaka kumvuta miguu, kumnyunyizia maji.

"Jana sikulala," Gogo akaendelea, na sauti yake ilikuwa na malalamiko, kama mtu anayetarajia kupewa pole. "Nimegeuka huku, nimegeuka huku. Nimehesabu mbao za dari. Mpaka kumekucha, sikupata hata lepe."

"Hukulala kabisa?"

"Kabisa."

"Pole," akasema Fundi. "Na tangu uzaliwe, kaka, ulishawahi kukosa usingizi usiku mzima?"

Gogo akafikiri. Kwa hili tumpe haki yake, alifikiri kwa uaminifu, kama mtafiti.

"Hapana," akasema. "Huo ndio wa kwanza."

"Basi hauhesabiwi," akasema Fundi, akavuta shuka, akageukia ukutani. "Njoo kesho."